Printa imegoma kuongea na kompyuta? Sikiliza kwanza stori ya Dodoma

Haya wandugu, leo tuongelee kitu ambacho kila aliyewahi kukaa ofisini anakijua, ila sijaona watu wakikiandikia historia: printa isiyo na waya inayokataa kuongea na kompyuta. Unabonyeza kuchapa, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Unainuka, unaizima, unaiwasha, taa ya bluu inawaka vizuri tu kama vile haina kosa lolote. Kompyuta nayo inakuandikia neno moja: Offline. Printa ipo mita mbili kutoka ulipokaa, lakini kompyuta inaapa kwamba haijaiona.

Wengi wanadhani hili ni la vijana wa IT peke yao. Mimi nasema ni la historia pia, na hapa Dodoma ndipo mahali pazuri pa kulielezea. Mji huu ulitangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, halafu ukakaa zaidi ya miaka 40 ukisubiri serikali ihamie kweli. Ukitaka kujua maana ya vitu viwili vilivyowashwa, vyote vizima, lakini visivyoonana, njoo huku kwetu.

Twende taratibu basi, tuanzie mbali kidogo.

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulikuwa lazima ukatize Ugogo. Nchi kavu hii, mvua ni za kuhesabu, na visima vilikuwa na wenyewe. Watemi wa Kigogo walitoza hongo: nguo, shanga, na waya wa shaba. Ulipe, ndipo unywe maji na kupita. Richard Burton alipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na wote wawili waliilalamikia hongo hiyo. Ukisoma malalamiko yao unaweza kudhani Wagogo walikuwa wanyang'anyi. Lakini fikiria mwenyewe: maji ni yao, njia ni yao, mgeni ana wapagazi mamia wenye kiu. Siku hizi mgeni akiingia ofisini kwako, kabla hata hajakaa anauliza, "Nywila ya waifai ni ipi?" Unampa au unamnyima. Nani atakuita mnyang'anyi?

Hilo ndilo somo la kwanza, na wala halijabadilika. Kila mtandao una mlango, na kila mlango una mwenyewe. Printa nyingi zinazosemekana zimekufa hazijafa, zimesimama tu mlangoni. Nywila ya ruta imebadilishwa, kila mtu kaambiwa, printa haijaambiwa.

Tuje kwenye waya. Wajerumani walijenga kituo chao Mpwapwa mwaka 1889, na baadaye waya wa simu ukafuata njia ile ile ya misafara kuelekea Tabora. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hapo ndipo Dodoma, iliyokuwa kijiji tu, ilipoanza kuwa mji.

Sasa angalia neno lenyewe. "Simu" tulilichukua kutoka Kiajemi, ambako sim ni waya. Kwa hiyo wazee wetu walipoanza kusema "simu isiyo na waya" walikuwa wanasema "waya usio na waya". Usicheke! Lugha ilikuwa inajitahidi kukimbizana na mitambo, kama inavyojitahidi leo.

Hiyo simu isiyo na waya Wajerumani walikuwa nayo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Walisimamisha mitambo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza, tayari ilikuwa na waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1879. Vita vilipoanza Agosti 1914, moja ya mambo ya mwanzo kabisa yaliyofanyika ni kukata mawasiliano. Tarehe 8 Agosti 1914 meli ya kivita ya Uingereza, Astraea, ilikuja kuupiga mizinga mtambo wa Dar es Salaam. Mwezi huo huo mtambo mkubwa wa Kamina kule Togo, uliokuwa ukiunganisha Ujerumani na makoloni yake ya Afrika, ukavunjwa na Wajerumani wenyewe usije ukaangukia mikononi mwa adui.

Matokeo yake ni nini? Koloni likabaki peke yake. Noti zikawapungukia, na kwa kuwa hakuna meli ya kuleta nyingine kutoka Ulaya, wakachapa za kwao humu humu nchini. Kufikia mwaka 1917 walikuwa wanagonga noti za rupia kwa mihuri ya herufi za mpira. Hiyo ndiyo printa ya mtu aliyekatiwa mtandao, wandugu: unatumia ulichonacho. Julai 1916 majeshi ya Van Deventer yaliingia Dodoma, na reli pamoja na waya wake vikakatika katikati. Wagogo walilipa gharama ya vita hivyo vibaya mno: mifugo na nafaka vilichukuliwa, wanaume wakabebeshwa mizigo, na mvua ziliposhindwa ikafuata njaa ya Mtunya ambayo wazee waliendelea kuisimulia miaka na miaka.

Na mwisho wa vita? Ulaya waliacha kupigana tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa porini huko Rhodesia ya Kaskazini, hakuwa na habari. Alipata taarifa siku mbili baadaye, kutoka kwa tarishi wa Kiingereza aliyekamatwa na watu wake, na alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, tarehe 25 Novemba. Ujumbe ulikuwepo, mpokeaji alikuwepo, kilichokosekana ni njia. Kwenye karatasi za ofisini tunaona ni usumbufu tu. Kwa wapagazi waliokuwa wakifa njiani, kila siku ilikuwa na bei yake.

Sasa turuke hadi Uhuru. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Baadaye lilipokuja jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mtambo mpya, mambo yakavurugika kiasi kwamba wakarudi kwenye utaratibu wa zamani. Halafu mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kumbukumbu ya yale yaliyotokea Wizara ya Fedha ilikuwa bado mbichi. Aliyetaka kompyuta ilimpasa kuomba ruhusa maalumu. Katika miaka ya 1980 na 1990 kamba ikalegezwa kidogo kidogo. Televisheni nayo, Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, bara tukasubiri mpaka mwaka 1994.

Umeziona hizo tarehe mbili? Mwaka 1973 tunaamua kujenga makao makuu mapya katikati ya nchi. Mwaka 1974 tunafunga mlango kwa kompyuta. Yaani mji wa serikali ulipangwa kuwa mji wa mafaili, taipureta na matarishi. Siwalaumu waliofanya uamuzi. Shilingi ilikuwa ngumu, mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima, na kompyuta ya wakati ule haikuwa kitu cha kuweka mezani. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini kuhamia Dodoma kulichukua muda mrefu, usitazame majengo tu. Ofisi ni mahali karatasi inapopita. Kama karatasi inaanzia Dar es Salaam, inasainiwa Dar es Salaam na kuchapwa Dar es Salaam, basi mwenye karatasi naye atabaki Dar es Salaam. Bunge lilihamishia mikutano yake hapa mwaka 1996, na kila kikao cha bajeti wizara zilikuwa zinasafiri na watu wake na makabrasha yake, kisha zinarudi Pwani.

Intaneti nayo kwa miaka mingi ilitujia kwa setilaiti, ya taratibu na ya bei mbaya, mpaka mkonga wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009. Tamko la kuhama lililotekelezwa kweli likaja Julai 2016, Rais Magufuli alipolitoa hapa hapa Dodoma. Waziri Mkuu Majaliwa akahamia mwaka huo huo, Rais mwenyewe akahamia mwaka 2019, mwaka ule ule Mji wa Serikali wa Mtumba ulipozinduliwa, na Bunge nalo likaanza kutumia vishikwambi badala ya marundo ya karatasi. Kati ya mwaka 1973 na hapo, kilichobadilika si azma peke yake. Faili lilikuwa limejifunza kusafiri bila tarishi.

Waifai yenyewe ilitoka wapi? Hapa kuna jambo tamu. Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu watu kutumia bila leseni masafa fulani ya redio ambayo yalionekana kama jalala, likiwemo eneo la gigahezi 2.4 linalotumiwa na majiko ya mikrowevu. Kampuni ya NCR, watengenezaji wa mashine za kupokelea fedha madukani, wakaona nafasi. Walitaka mashine hizo ziunganishwe bila kutandaza waya kila duka linapopangwa upya. Kazi ikafanyika Uholanzi, na mhandisi wao Vic Hayes akaongoza kamati iliyotoa kanuni ya kwanza ya 802.11 mwaka 1997. Jina la Wi-Fi lenyewe likaja mwaka 1999. Kwa hiyo babu wa waifai yako ni mashine ya kutolea risiti dukani!

Na sisi tulikuja kuipata mashine ya risiti isiyo na waya kwa njia yetu. Mwaka 2010 TRA ilianzisha mashine za EFD kwa waliosajiliwa VAT. Ukiifikiria vizuri, EFD ni printa. Inachapa risiti, inaweka kumbukumbu ndani, na kwa laini ya simu inapeleka hesabu kwenye kompyuta ya TRA. Ni printa isiyo na waya ambayo kila Mtanzania ameishika risiti yake. Mwaka 2013 awamu ya pili ilipowafikia wafanyabiashara wasiokuwa kwenye VAT, moto ukawaka. Wenye maduka walisema bei ya mashine ni kubwa, na kwamba inahesabu mauzo bila kujua gharama zao. Serikali ikasema bila mashine kodi inapotea. Maduka yakafungwa miji mbalimbali. Mwanzoni mwa mwaka 2015 kiongozi wa jumuiya ya wafanyabiashara alifikishwa mahakamani hapa Dodoma, na maduka yakafungwa tena.

Ugomvi ule haukuwa wa vifaa. Ulikuwa wa kuaminiana. Mashine mbili zinaweza kuunganishwa kwa dakika tano. Watu wawili ambao kila mmoja anadhani mwenzake anamwibia, hao ndio kazi. Na kuna tofauti moja ya kushika: EFD lazima itoke nje mpaka TRA. Printa ya ofisini kwako haihitaji kwenda popote. Tofauti hii ndogo inawapotezea watu muda mwingi sana, kama nilivyojionea.

Siku moja nilikuwa kwenye steshenari ndogo hapa mjini, zile za chumba kimoja, fotokopi moja, kompyuta mbili. Akaingia kijana aliyesafiri kwa basi kutoka Kigoma kwa ajili ya usaili. Nakala zake ziko kwenye barua pepe, usaili ni saa nne, saa yake inasema saa tatu kasoro. Printa imegoma. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi na kurudi. Jamaa mmoja pale akatoa hukumu kwamba printa imekufa, anunue nyingine. Yule kijana akakaa kwenye benchi, bahasha mapajani, hasemi kitu.

Dada mwenye steshenari hakubishana na mtu. Kwanza akaangalia kompyuta imeunganishwa na nini. Kumbe bando la ruta lilikuwa limeisha tangu jana, akawa anatumia hotspoti ya simu yake kufungulia barua pepe. Kompyuta iko kwenye simu, printa iko kwenye ruta. Vitaonana vipi? Nyumba mbili tofauti hizo! Akashusha nakala za kijana kwa hotspoti, akazihifadhi, kisha akairudisha kompyuta kwenye ruta. Jamaa akacheka, "Dada, ruta haina bando hiyo." Akamjibu, "Naichapia karatasi, siangalii YouTube." Na yuko sahihi kabisa. Ruta isiyo na bando bado inaweza kubeba kazi kutoka kompyuta hadi printa ndani ya chumba, kwa sababu kazi hiyo haitoki nje.

Bado kimya. Akabonyeza vitufe vya printa, ikatoa ukurasa wenye habari zake za mtandao. Maana yake printa ni nzima, wino upo, karatasi inapita. Akalinganisha anuani iliyoandikwa pale na ile iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Namba ya mwisho ilikuwa tofauti. "Kaka, printa haijafa," akasema. "Imehama nyumba tu."

Hapo napo pana historia yake. Zamani kila mashine kwenye mtandao ilipangiwa anuani kwa mkono, na fundi aliandika kwenye daftari. Mwaka 1993 ukaja utaratibu wa DHCP, ruta inagawa anuani yenyewe kwa muda, kama mwenye nyumba anayepangisha vyumba. Raha tupu, ila umeme ukikatika na kurudi, mpangaji wa chumba cha 12 anaweza kujikuta chumba cha 15. Kompyuta inaendelea kugonga chumba cha 12. Hakuna anayejibu, inaandika Offline. Ziko njia zilizotengenezwa baadaye ili mashine zitafutane kwa jina badala ya namba, kama ile ya Apple ya mwaka 2002, lakini ofisi zetu zimejaa mashine na mipangilio ya kila umri.

Akafuta kwanza kazi zilizokwama kwenye foleni, maana kijana wa kompyuta alikuwa ameshabonyeza kuchapa mara sita. Akaiondoa printa kwenye orodha ya kompyuta, akaiongeza upya kwa anuani mpya. Ikaguruma. Karatasi ya kwanza ikatoka. Yule kijana wa Kigoma alisimama kabla hata haijamaliza. Alilipa shilingi zake, akatoka anakimbia kutafuta bodaboda.

Baadaye nilimwona yule dada akiingia kwenye mipangilio ya ruta na kuifungia printa anuani moja ya kudumu, kisha akaiandika kwa kalamu ya maka kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ubavuni mwa printa. Daftari la fundi limerudi!

Kwa hiyo ukikwama, fuata mpangilio huo huo. Uliza kama vyote viwili viko kwenye mtandao mmoja, usije ukakuta kimoja kiko kwenye waifai ya wageni. Kumbuka printa nyingi za bei nafuu zinashika gigahezi 2.4 tu, hazioni ile ya 5. Chapa ukurasa wa mtandao wa printa, linganisha anuani. Safisha foleni. Ondoa, ongeza upya. Draiva iangalie mwishoni, si mwanzoni. Kununua printa mpya ni mwisho wa mwisho.

Kwa nini nimekuchosha na Wajerumani na watemi wa Ugogo wakati ungeweza kupata hizo hatua kwa mistari mitano? Kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema "teknolojia haifai kwetu huku". Walisema hivyo kompyuta zilipovuruga hesabu. Wakasema hivyo kuhusu Dodoma, kwamba ni jangwa, serikali haitafanya kazi kule. Wakasema hivyo kuhusu EFD. Mara nyingi kitu chenyewe kilikuwa kizima. Upande mmoja ulikuwa umehama, na hakuna aliyeuambia upande wa pili. Na gharama ya kutoambiana hubebwa na aliye mwisho wa mstari: mpagazi, mwenye duka, kijana mwenye bahasha mapajani.

Ni hayo tu kwa leo. Ukipata nafasi, nenda kaandike anuani ya printa yako ubavuni mwake kabla umeme haujakatika. Tupo pamoja.